Maswali Kumi kwa Dakika Sita

Mimi ni mtu wa hasira, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Mama yangu, aliyenilea kule Kilimanjaro, alikuwa akisema mtoto huyu akikasirika hata kuku wanajua. Nilipoanza kufundisha uchumi chuoni hapa Arusha hasira hiyo ikawa mtaji. Ukiwa na wanafunzi mia mbili wa mwaka wa kwanza kwenye ukumbi mmoja, mwalimu mpole wanamkalia kichwani. Mimi hawakunikalia. Nikiingia tu, hata wale wa nyuma wanaochati walikuwa wanaweka simu mfukoni.

Haya ninayoyasimulia yalitokea miaka miwili iliyopita, na chuo sitakitaja. Mama anajua nusu yake. Mchungaji wangu hajui kitu, na kila nikipanga kumweleza naanza kuzungumzia mvua.

Yalianza na mazoezi ya nyumbani. Zamani nilikuwa nawapa kwenye karatasi, wanarudisha rundo la karatasi, nami najifungia na kalamu nyekundu siku nzima. Na wizi, jamani! Mmoja akikosea kujumlisha, thelathini wanakosea kujumlisha palepale. Yupo kijana aliyenakili kazi ya mwenzake mpaka na jina la huyo mwenzake juu ya karatasi. Nilimwita ofisini nikamuuliza, wewe ni nani leo? Nilicheka mwenyewe baada ya kutoka, lakini nilikuwa nimechoka.

Ndipo nikajifunza mfumo wa mazoezi ya mtandaoni. Unatunga swali mara moja, kwa mfano bei ya maharage imepanda kwa kiasi fulani, wanunuzi watapungua kwa kiasi gani, na mfumo unampa kila mwanafunzi tarakimu zake. Jibu la huyu halimfai yule. Mazoezi yanafunguliwa Ijumaa asubuhi, yanafungwa Jumapili saa kumi na mbili jioni, na yanajisahihisha yenyewe. Halafu kuna ripoti. Ripoti inakuonyesha nani alijibu lini, alitumia dakika ngapi, na simu au kompyuta gani ilitumika. Ile ripoti ilinilevya. Nilikuwa naifungua kama watu wengine wanavyofungua picha za harusi.

Niliieleza idara nzima kwenye kikao. Nikasimama, nikaonyesha michoro, nikatangaza kwamba wizi wa mazoezi umekwisha chuoni kwetu. Mkuu wa idara alipiga makofi kwanza kuliko wote. Akasema mfumo huu utapelekwa kwenye masomo mengine na mimi ndiye nitakayewafundisha wenzangu. Nilirudi nyumbani kwangu Kimandolu siku hiyo naimba kwenye gari.

Wiki ya sita ya muhula, nikiwa mezani na chai, nikaona kitu kwenye ripoti. Wanafunzi wanne walikuwa wametumia simu moja. Jumapili mchana, mmoja baada ya mwingine, kama watu waliopanga foleni. Kila mmoja alikuwa amejibu maswali kumi kwa dakika sita, saba hivi, na karibu yote ni sahihi. Nikarudi nyuma wiki moja, ni hivyohivyo. Nikarudi wiki zote tano, ni hivyohivyo. Moto wa hasira ukanipanda, lakini chini ya ile hasira kulikuwa na kitu kingine, na nakiandika hapa kwa aibu. Nilifurahi. Nilikuwa nimewanasa, mmoja anawafanyia wote.

Jumatatu nikaiweka ripoti kwenye projekta, ukutani, na namba zao za usajili zikionekana. Nikawasimamisha wote wanne. Watatu walikuwa watoto wa mwaka wa kwanza wa kawaida tu. Wa nne alikuwa dada mkubwa kidogo, miaka ishirini na sita, anayekaa mstari wa pili kila siku na daftari lililofungwa kwa nailoni. Baadaye nilikuja kujua kwamba alichelewa chuo kwa sababu alimuuguza mama yake miaka mitatu mpaka alipofariki. Siku ile sikujua, wala sikuuliza. Kwenye ripoti, yeye ndiye aliyepata maswali yote kila wiki.

“Simu hii ni ya nani?” nikauliza.

“Yangu, madam,” akajibu mmoja wa wale watatu kwa sauti ndogo.

Nikamgeukia yule dada. “Na wewe unatumiaje dakika sita kwa maswali kumi? Mimi niliyeyatunga nahitaji nusu saa.”

“Tunakuwa tumeshayafanya kwenye daftari, madam. Pale kwenye simu tunaingiza majibu tu.”

“Nani kakuambia ujibu kama wakili?”

Ukumbi ukacheka. Nami nikisikia watu wanacheka nazidisha, ndiyo tabia yangu. Nikasema mwizi wa mazoezi na mwizi wa kuku ni ndugu, ila wa kuku ana heshima kidogo, kwa sababu akiitiwa mwizi anakimbia, hasimami kubishana. Watu mia mbili wakacheka mpaka wakapiga meza. Wale watatu wakakaa haraka. Yeye alibaki amesimama ananitazama, si kwa ujeuri, alinitazama tu kama mtu anayesubiri nimalize nimsikilize. Ilibidi nimwambie mara mbili akae.

Mchana wale watatu wakaja ofisini. Mikono nyuma, vichwa chini. “Tumekosa, madam, tusamehe, hatutarudia.” Nikawauliza wamekosa nini. Wakatazamana. Mmoja akasema, “Tulitumia simu moja.” Loo, hapo ningekuwa na masikio ningesikia. Lakini sisi huku tumelelewa hivyo. Mkubwa akikukasirikia huanzi kueleza, unainama, unaomba msamaha, mambo yanaisha, haki baadaye. Wameinama, nami nikajisikia mama mwenye huruma. Nikawapa nusu ya maksi zao na ruhusa ya kuendelea na mazoezi.

Yeye alikuja kesho yake, peke yake. Akasimama mbele ya meza, akafungua nailoni taratibu, akaliweka daftari mbele yangu.

“Naomba uangalie, madam. Kila wiki ipo na tarehe yake.”

“Wenzako wameshaomba msamaha.”

“Nimesikia.”

“Na wewe?”

“Mimi siwezi kuomba msamaha kwa kosa ambalo sikulifanya. Ningelifanya, ningekuomba.”

Sijui kama msomaji anaelewa neno hilo lilinifanya nini. Binti anasimama mbele ya mwalimu wake anakataa kuinama! Nilikuwa natafuna karanga, sikuwa na kazi yoyote mbele yangu, na daftari lile lingenichukua dakika tano kulipitia. Nikalisukuma kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesukuma sahani ya mwenzake.

“Sihitaji daftari. Mfumo umeshaniambia. Mazoezi yako yote ni sifuri, na nimekufungia.”

Nikamweleza maana yake, ingawa alikuwa anaijua. Ili mwanafunzi aingie kwenye mtihani wa mwisho lazima apate angalau kumi na sita kati ya arobaini kwenye maksi za muhula. Bila mazoezi, hata angefanya vizuri vipi majaribio ya darasani, asingeweza kufika. Jina lake halingekuwa kwenye orodha ya watahiniwa, na angerudia somo mwaka unaofuata, amechelewa tena mtu ambaye tayari alikuwa amechelewa.

“Najua, madam,” akasema. Akalichukua daftari, akalifunga tena kwenye nailoni, kona kwa kona, akanishukuru kwa muda wangu. Alinishukuru! Nikaendelea na karanga zangu.

Majaribio mawili ya darasani alipata maksi za juu, nami nikajiambia kumbe anaweza, basi kwa nini aliiba? Ndivyo akili inavyofanya kazi ukiwa umeshaamua. Zikapita wiki nyingi. Mazoezi ya mwisho ya muhula yalikuwa yanafungwa Jumapili moja, na orodha ya watahiniwa ilikuwa inafungwa Ijumaa inayofuata, saa kumi jioni. Kabla ya saa hiyo, mwalimu wa somo anaweza kurekebisha maksi kwa barua moja kwa mkuu wa idara. Baada ya hapo hakuna wa kumsikiliza.

Jumapili hiyo nilialikwa Nkoaranga, kwenye kipaimara cha mtoto wa mwalimu mwenzangu. Ibada ikaisha, tukahamia nyumbani kwao, maturubai yamefungwa katikati ya migomba, nyama inachomwa. Nilitaka kumpigia mama yangu, simu ikawa haishiki. Mwenyeji akacheka, akasema, “Huku mtandao ni wa kutafuta. Panda juu kidogo, nyuma ya kanisa, kwenye ule ukuta wa mawe. Pale ndipo unaposhika.”

Nikapanda ile njia, na viatu vyangu vya kisigino, nikishika matawi ya kahawa nisiteleze. Kabla sijafika nikasikia sauti. Nikasimama.

Walikuwa wamekaa juu ya ukuta wa mawe wamevaa nguo za kanisani. Wale watatu, kila mmoja na daftari lake wazi magotini. Simu moja ilikuwa mikononi mwa mwenyewe, na yule dada alikuwa amesimama mbele yao. Yeye hakuwa na la kuingiza, nilikuwa nimemfungia. Alikuwa anapita kutoka daftari hadi daftari.

“Ya saba umekosea. Rudia,” akamwambia mmoja.

“Si uniambie tu jibu, dada? Bando linaisha.”

“Jibu langu nitalitoa wapi? Namba zako ni zako. Hesabu hapohapo, tunakusubiri. Na usibonyeze kabla hujahesabu, madam anaona kila kitu.”

Kijana akahesabu kwa penseli. Wengine wakasubiri. Alipomaliza, dada akaangalia, akatikisa kichwa kukubali, ndipo simu ikaja kwa yule kijana, naye akaanza kuingiza majibu mojamoja akisoma kwenye daftari. Sikuwa na haja ya saa. Nilijua angetumia dakika sita.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Ijumaa walikuwa wananakili maswali yao daftarini kutoka kwenye kompyuta za chuo, kila mtu na yake, na ripoti haionyeshi aliyefungua bila kujibu. Jumamosi wanakokotoa nyumbani, huku milimani mtandao haushiki na watatu kati yao hawana simu ya maana. Jumapili baada ya ibada wanakutana pale ukutani, wanaingiza kwa zamu. Na yeye aliyeitwa mwizi mbele ya watu mia mbili alikuwa bado anapanda kuwasimamia wenzake wasiibe. Mimi “madam anayeona kila kitu” nilikuwa nimejibanza nyuma ya mti wa kahawa.

Ningeweza kutoka. Ilikuwa hatua kumi tu. Nikashuka kimyakimya, nikarudi kwenye maturubai. Nikapewa sahani, nikala. Halafu mwenyeji akaniomba, kwa vile mimi ni mwalimu, niseme neno kwa mtoto aliyepata kipaimara. Nikasimama nikamwambia awe mkweli maishani. Watu wakaitikia amina.

Jumatatu nikafungua kompyuta kuandika barua. Nikaandika mistari miwili, nikafuta. Jumanne nikaandika ukurasa mzima, nikasoma tena, nikaona unavyoonekana. Mimi niliyesimama kwenye kikao kutangaza kwamba wizi umekwisha, sasa naandika kwamba ripoti niliisoma vibaya na daftari nilikataa kuliangalia. Nikafuta. Jumatano mkuu wa idara akaniambia koridoni ratiba ya mafunzo yangu kwa walimu wengine iko tayari, akanipiga bega kwa furaha. Nikasema asante. Watu wanasema bora lawama kuliko fedheha. Mimi nilikuwa nakimbia fedheha, na sikujali lawama inaangukia nani.

Alhamisi nikamwona kwa mbali maktaba. Alikuwa anasoma kwa ajili ya mtihani ambao jina lake halikuwepo kwenye orodha yake. Labda alitumaini. Nikageuza njia.

Ijumaa, siku ya orodha kufungwa, nilikwenda kusuka nywele. Nasema kama ilivyokuwa. Nilikaa saluni kuanzia saa sita, nikazima simu, nikachagua mtindo wa nywele ndogondogo kabisa, ule unaochukua muda mrefu. Saa iliyokuwa ukutani niliiona ikifika saa kumi. Msusi akaniuliza kama ananiumiza, maana machozi yalikuwa yananitoka. Nikamwambia ndiyo, punguza kukaza.

Jioni nikampigia mama. Nikamwambia nimemkosea mwanafunzi mmoja, mtoto wa Wameru wa kule juu, nimemwita mwizi naye si mwizi. Ya orodha sikumwambia.

“Sasa unanililia mimi kwa nini?” mama akasema. “Huna sale hapo kwako? Chukua sale uende kwao. Wameru wanalijua sale kama sisi.”

Asiye wa huku nimweleze kidogo. Sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya viwanja. Mtu akimkosea mwenzake kosa kubwa, anakata jani la sale, analifunga fundo, anampelekea. Aliyekosewa hakatai. Hata awe na uchungu wa namna gani, sale likishaletwa nyumbani analipokea na jambo linakwisha. Kulikataa ni kujitafutia laana, na hata sisi tunaokwenda kanisani kila Jumapili sijawahi kuona mtu anayethubutu.

Hapo ndipo ilipo aibu yangu kubwa kuliko zote, kubwa kuliko projekta na karanga. Nililikumbuka sale nikapata ahueni. Nilijua hawataweza kulikataa. Barua ingeweza kunigharimu, sale lisingenigharimu kitu, na mwisho wake ningesamehewa vilevile.

Jumamosi asubuhi nikakata jani kwenye uzio wangu wa Kimandolu. Desturi inataka uende na mtu mzima wa kukusemea. Nilikwenda peke yangu, sikutaka shahidi. Nikaacha gari barabarani kule Nkoaranga, nikaulizia, nikapanda kwa miguu mpaka kwao.

Nilimkuta baba yake anamenya maharage mabichi mlangoni, mzee mwembamba mwenye sweta. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni mwalimu wa binti yake. Akainuka haraka akipangusa mikono, akaniletea kiti, anafurahi, jamani, anafurahi kwamba mwalimu wa chuo amekuja kwake. Nikalitoa jani kwenye mkoba. Furaha ikamwisha usoni.

“Nilimkosea binti yako, baba,” nikasema. “Nilimwita mwizi mbele ya wenzake. Hakuiba. Naomba mnisamehe.”

Akavua kofia. Akalipokea jani kwa mikono miwili, akalitazama fundo kwa muda.

“Kwa sale mimi sina neno, mwalimu,” akasema. “Yameisha.”

Nikavuta pumzi. Nilijisikia mwepesi. Nakumbuka hata niliuona mlima siku ile, uko wazi kabisa, nikasema moyoni kwamba ni mzuri.

Binti akatokea shambani na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Aliponiona akasimama, akautua mzigo chini, akapiga goti kidogo. “Shikamoo, madam.”

“Marahaba.”

“Mwalimu ameleta sale,” baba yake akamwambia. “Nimeshalipokea.”

Akalitazama lile jani mkononi mwa baba yake. “Nimeliona, baba.” Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikaona uso wake unafunguka. “Kwa hiyo barua umeshapeleka, madam? Nilikwenda ofisini jana kuuliza, wakasema hawajapata. Imefika baadaye?”

Nikaanza kufunga zipu ya mkoba.

“Barua gani?” baba akauliza.

“Ya kuniingiza kwenye mtihani, baba. Orodha imefungwa jana saa kumi.” Bado alikuwa ananitazama. “Ulipeleka, madam?”

“Sikupeleka.”

“Ulikuwa bado hujajua?”

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na neno hilo mdomoni, tayari kabisa: nimejua leo asubuhi. Lakini baba yake alikuwa ameshika sale langu, nikaogopa. Haukuwa wema. Ulikuwa woga.

“Nilijua Jumapili,” nikasema. “Niliwaona pale ukutani.”

“Jumapili hii iliyopita?”

“Ndiyo.”

Akakaa chini juu ya ule mzigo wa majani. Baba yake alinitazama mimi, akalitazama jani, akaushusha mkono, akauinua tena. Niliona anataka kunirudishia. Niliona kabisa vidole vinataka. Lakini alikuwa ameshalipokea, na ameshasema yameisha, na mzee wa namna yake hawezi kuyameza maneno hayo.

“Mwanangu,” akasema polepole, “sale limeshaingia nyumbani.”

“Sijasema neno, baba.”

“Basi mletee mgeni chakula.”

Nikasema hapana, nina haraka, nitapita siku nyingine. Mzee akanitazama moja kwa moja. “Mtu hasamehewi halafu akakimbia chakula, mwalimu.” Kwa hiyo nikakaa. Binti akaleta maji, akaninawisha, ananimiminia polepole, ananipa kitambaa. Akaleta bakuli la loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, la baridi, tamu. Tukala watatu. Kila nilipopunguza mwendo mzee alisema, “Kula, mwalimu,” nami nikala. Sikumbuki nilitazama wapi.

Barua niliandika Jumatatu yake, na safari hiyo niliandika yote, mpaka siku niliyojua. Sijisifu kwa hilo, maana barua haikuwa na kazi tena. Mkuu wa idara akaisoma amesimama. Akasema orodha ni orodha, atarudia mwakani, si mwisho wa dunia. Halafu akaniomba nisiliongelee sana, kwa sababu ya mafunzo. Sikuliongelea. Mafunzo niliyatoa, na walimu kumi na mbili walihudhuria.

Lakini ile Jumamosi haikuishia kwenye bakuli. Nilipoinuka kuaga, mzee akaingia kwenye migomba na panga, akarudi na mkungu wa ndizi. Mgeni aliyeleta sale haondoki mikono mitupu. Nikakataa, akafanya kama sikusema kitu. Akamwambia binti yake anisindikize mpaka kwenye gari.

Akaubeba ule mkungu kichwani. Nikataka kumpokea, akasema, “Viatu vyako, madam, utaanguka.” Akatangulia. Pale penye mteremko mkali alisimama, akaugeuza mwili bila kuuangusha mzigo, akanipa mkono wa kunishikilia. Nikaushika. Tukashuka hivyo mpaka barabarani.

Akaupakia nyuma ya gari, akazisukuma ndizi zisichubuke, akaipangusa mikono yake kwenye kanga.

“Mwakani somo hili utafundisha wewe, madam?”

“Mimi.”

“Na mazoezi yatakuwa vilevile, mtandaoni?”

“Vilevile.”

Nilikuwa nasubiri aniseme. Ningeshukuru angenitukana. Alikuwa anafikiri, ameinamia vidole vyake, anapanga mambo yake.

“Basi itabidi nitafute simu yangu mwenyewe,” akasema. “Maana hawa wenzangu watakuwa wameshapita, sitakuwa na wa kuniazima.”

Akanifungia mlango wa gari, akanitakia safari njema, akapanda kurudi kwao.